Nimelipia Gari la Ndugu Yangu, Langu Likapigwa Mnada

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Mimi ni Ndelilio, naishi Soweto hapa Moshi, kwetu Machame, nilikuwa na pikapu ya mkopo kutoka kampuni moja ya mjini, nikawa nabeba maziwa ya akina mama wa Machame kuyaleta mjini, na nililipa kila mwezi isipokuwa miezi miwili ya masika barabara ilipokatika, hiyo nakubali, lakini madalali wakaja wakalichukua gari mbele ya majirani, wakaliuza mnadani, na bado kampuni inasema nadaiwa, nikiuliza malipo yangu wanasema hawayaoni. Sasa nimejua yalikokwenda. Babu yetu aliitwa Ndelilio, na kwetu kila mwana humpa kifungua mimba wake jina la baba yake, kwa hiyo mtoto wa baba mkubwa, anayekaa Rau, ni Ndelilio kama mimi, ukoo ule ule, naye alikopa gari pale pale, malipo yangu wameyaingiza kwake, mkopo wake umeisha mapema na gari analo. Nilipomgusia akacheka, "Mdogo wangu, mimi nilidhani wamenipunguzia riba." Baba mkubwa anasema nisimpeleke ndugu ofisini, nisubiri Krismasi ukoo ukutane, tuyamalize kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Lakini chama chetu cha kuweka na kukopa kimeninyima mkopo wa gari jingine, wanasema jina langu limechafuka, na akina mama wanataka kumpa kazi mtu mwingine. Nifanye nini?

Ndelilio, Soweto

Ndelilio, marahaba. Pole kwa gari, na pole zaidi kwa huo upole wako, maana ndio unaokumaliza.

Usubiri Krismasi? Wazee wakishamaliza mbuzi wa ndafu na mbege watawapatanisha vizuri sana, na kesho yake kampuni itakudai vile vile. Ukoo hauna mamlaka juu ya hesabu za kampuni. Na hao wakopeshaji wetu wa soko huria nao wana ajabu yao: kukufuata nyumbani hawakukosea Ndelilio, kupokea fedha ndipo wakachanganyikiwa.

Mwendee kaka yako wa Rau kwanza. Mwambie, "Kaka, twende pamoja ukaseme malipo yale si yako, au niende peke yangu." Akicheka tena, usibishane, nenda. Chukua stakabadhi zako za benki, zitoe nakala, halisi zibaki kwako. Andika barua, utaje namba ya mkopo wako na malipo yote yaliyopotea, udai pia maelezo ya bei ya mnada, maana fedha ya gari lako lazima ipunguze deni. Wagonge muhuri kwenye nakala yako. Maneno ya kaunta hayana ushahidi. Wakikaidi, tafuta wakili.

Ile miezi miwili ni yako, ndugu yangu. Usiifiche nyuma ya kosa lao. Ikibaki deni baada ya hesabu kunyooshwa, lipa, udai barua kwamba hudaiwi. Ipeleke kwa kamati ya chama, kisha omba mkopo mdogo, hata wa chakula cha ng'ombe, uulipe kabla ya siku yake. Watu huaminiwa upya hivyo, polepole.

Lakini maziwa hayasubiri barua. Leo hii nenda ukakodi gari la mtu, hata kama faida yote itaishia kwenye mafuta na kodi, na kesho alfajiri akina mama wakukute Machame unapakia madumu.