Viroboto Waliotangazwa kwa Spika

Shoga, acha unachofanya usome. Wifi yangu kaaibika leo saluni kwake!

Si paka wake kajaa viroboto? Na alikuwa anawaficha wateja, wasije wakahamia saluni ya ng'ambo ya barabara.

Sasa mikono ina mafuta, mteja kasukwa nusu kichwa, simu ikaita. Akaipokea kwa kiwiko. Ikaingia spika. SPIKA, shoga!

Daktari wa mifugo huyo, sauti kama yuko mnadani: "Dada, hiyo dawa ya mende usimpulizie paka, atailamba afe! Nakuletea ya paka. Mchane kwa kitana cha meno ya karibu, ukichovye kwenye maji ya sabuni. Na mito ya wateja anayoilalia ifue kwa maji ya moto, viroboto wamejazana humo!"

Mito ya wateja!! Na wote wameikalia!

Wifi anaapa, "Jamani, hiyo ni redio!" Redio gani inakuita dada?

Wakatoka mbio, wa nusu kichwa akiwa mbele. Kufika mlangoni akajiona kwenye kioo. Akarudi mdogo mdogo.

"Nimalizie," akasema. "Ila mimi sikai. Nisuke nimesimama."

Na ufupi wa wifi unaujua! Ninavyokuandikia hapa, kapanda juu ya ndoo anasuka.