Mwaitu, Nilikuzika kwa Sifa za Mtu Mwingine

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Jana Mwende, mjukuu ambaye hukuwahi kumbeba, alichomoa kabatini ile programu ya mazishi yako, yenye picha yako ukiwa umefunga kitambaa cheupe. Akaja mbio jikoni kuniuliza habari za susu, yaani bibi yake: "Mum, kwani susu alikuwa anaimba soprano? Ndio maana mimi niko na sauti!" Nikajifanya nakoroga mboga.

Wewe na kuimba, Mama! Kanisani ulichezesha midomo tu, na wimbo ukipanda juu wewe uliinama kutafuta kitu kwenye kiondo.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la saba, nikikariri maneno makubwa ya Kiingereza ya kutia kwenye insha? Nilikusomea uani, wewe ukisokota mkonge pajani. "Second to none." "Unparalleled." "One in a million." Ukauliza maana yake. Nikakuambia ni mtu aliyewashinda wote. "Wote?" ukasema. "Kwani umewaona wote? Wewe sema tu vile umeona." Nilikasirika. Nilikuona mshamba.

Maneno hayo yalinipa kazi ya ukarani Machakos mjini. Tangu hapo kila aliyefiwa kwetu alikuja na karatasi yake nimwandikie wasifu, kwa maana kwetu marehemu husomewa kwa Kiingereza hata kama hakuwahi kukisema. Kusema kweli, nilikuwa na wasifu mmoja tu kwenye disketi, niliomwandikia mama mmoja wa kwaya. Nilibadilisha jina, kijiji na idadi ya watoto. Kila marehemu akawa mpole asiye na kifani, na hakuna aliyelalamika.

Ulipofariki nilikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima. Ningeweza kuandika kwamba uliuza viondo pale Kyumbi, ukiviinua kwenye madirisha ya mabasi, na kwamba hukuwahi kukanyaga darasa. Lakini wenzangu wa ofisini walikuwa wanakuja, pamoja na bosi. Nilikuonea haya, Mama, hata ukiwa umekufa. Nikafuta jina la yule mama wa kwaya, nikaandika lako. Ile sehemu ya soprano sikuiona.

Kaka yangu aliusoma wasifu huo kwa sauti kubwa kaburini. Wanakwaya wakaangaliana. Bosi wangu aliitikia kwa kichwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kesho yake mdogo wako Kalondu alinikuta penye tangi la maji. "Kwani jana tulikuwa tunazika nani?" akaniuliza. "Sista yangu hakuwa anajua kuimba." Nikamwambia ni makosa ya mpiga chapa. Alinitazama mpaka nikachukua mtungi nikaondoka.

Miaka yote hii nilidhani aibu hiyo ni yangu peke yangu. Jana nikaona mtoto wangu anaanza kumpenda bibi wa watu wengine, huku wewe ukipotea kabisa. Nikazima jiko, nikamketisha.

Nikamwambia ulisuka ukitembea, bila kuangalia vidole. Kwamba ulifumua kiondo kizima kwa sababu ya mstari mmoja uliopinda, ukakianza upya huku ukijitukana. Nikamwambia pia kile ambacho sijawahi kumwambia mtu. Siku ya usaili wangu nilisahau viatu vizuri nyumbani, nikaenda na malapa. Ulinifuata navyo mpaka mjini, ukamwachia askari wa geti. Alipokuuliza wewe ni nani wangu, ukasema ni jirani. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia. Sikutoka.

Mwende akaiangalia tena ile picha. "Kwa hivyo susu alikuwa the best mum in the world?"

Yale maneno yangu yote yalinijia mdomoni, tayari kabisa.

"Sijui," nikamwambia. "Sijawaona wote. Nilimwona yeye."

Jumamosi nitampeleka kwa Kalondu, nimwambie huyo mdogo wako ukweli kuhusu mpiga chapa. Yeye atamwonyesha Mwende kuanza kitako cha kiondo, maana mimi sikutaka kujifunza kwako.

Nisamehe, Mwaitu. Pumzika.

Ni mimi binti yako, yule uliyejiita jirani yake.