Siku Kumi na Moja za Mvua

Ijumaa, tarehe 11

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua ngazini. Wanangu wanakuamkia. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haijatulia.

Unajua nyumba yako ndiyo dhamana ya mkataba wa shemeji wa kujenga shule. Shule isipokamilika tarehe thelathini, wenye mradi wataidai dhamana na nyumba itakwenda. Ratiba ya kazi ni jukumu langu. Tumechelewa siku kumi na moja, zote za mvua. Mkataba unaruhusu tuongezewe siku hizo, mradi ziwe zimeandikwa siku ileile.

Jumanne nilifungua daftari la saiti: hamna hata tone. Nikamshuku nyapara, yule tunayemwita Kesho Asubuhi. Nilipomuuliza kama amechana kurasa, alisema zege lenyewe halimtii, muda wa kuchana karatasi ataupata wapi. Mafundi wakacheka. Mimi nikaandika jibu lake na saa. Jumatano nikamshuku mhandisi msimamizi, maana ufunguo wa pili wa kabati la daftari anao yeye, na hutabasamu kila nikitaja mvua. Jioni yake, Mungu anisamehe, nikamshuku hata shemeji: kwamba anataka tuchelewe kwa kuwa ameichoka nyumba pamoja na mwenye nyumba.

Jana nikahesabu kurasa. Mia mbili, zote zipo.

Kikulacho ki nguoni mwako, dada, nami nilikuwa napekua nguo za wenzangu. Siku zile za mvua nilibaki nyumbani, mkabala na saiti, nikaandika kila kitu kwenye shajara yangu: saa ilipoanza, saa ilipokatika, maji yalipofika kwenye msingi. Nilisema nitanakili Jumamosi. Sikunakili. Sasa mhandisi ameshatia saini chini ya kila juma. Siwezi kuchomeka neno.

Leo asubuhi nimemkabidhi shajara. Niliomba nichane kwanza kurasa za juma hili, akakataa, akisema daftari lililochanwa si ushahidi. Akasoma mbele yangu, mpaka pale nilipomwita nyoka. Hakutabasamu. Lakini amezikubali siku zote kumi na moja. Nyumba yako imepona.

Nakala ya shajara nzima itamfikia shemeji Jumatatu, ndivyo utaratibu ulivyo. Ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa kokoto aiwahishe. Ukurasa wa tarehe tisa, dada, ule wa Jumatano niliyomshuku, mwambie wewe kabla hajausoma.

Nisalimie shemeji, kama bado atazipokea salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mweka ratiba