Jina Walilompa Mdogo Wake Bibi

Alice Springs, Jumapili

Dada Leonie,

Huku mvua imekataa, na mbwa wako amezaa chini ya kitanda cha Bibi. Darasa letu la wanawake la kutafuta jamaa limekwisha. Sasa najua kupekua kumbukumbu za misheni kwenye kompyuta, na ndiyo maana nimekata tamaa.

Unajua mdogo wake Bibi alichukuliwa na Wazungu, akapelekwa misheni, wakati wa msiba. Marehemu alikuwa wajina wake, hivyo kwa mila yetu jina lile halikutamkwa. Wazungu walipouliza mtoto anaitwa nani, mama yake Bibi akajibu, "Kwementyaye," kama tunavyomwita kila aliyefiwa na wajina wake. Wakaandika hilo. Nimekuta wasichana wengi wa jina hilo, bila wazazi, bila kwao.

Shangazi Marlene, anayemtafuta mama yake, akacheka darasani: "Basi tugawane, kila mtu abebe Kwementyaye wake!" Kisha akalia.

Kila nikirudi Bibi huuliza, "Umempata?" Leo nimemwambia kompyuta ni nzito.

"Usiiharakishe, mjukuu wangu," akasema. "Hata yeye alikuwa mzito kuamka."

Nimwambie nini, Dada?

Mdogo wako,
Shirleen