Mbegu za Skola

Jumatano, jioni

Ati nisitume mbegu. Na mimi nimeshapepeta, nimechagua mpunga punje moja moja kwa macho haya mabovu, kiroba kimeshonwa kiko mlangoni.

Kila mwaka namtumia binti yangu Skola mbegu, tangu aolewe Rufiji, kule karibu na bahari. Leo kapiga simu: "Mama, acha tu. Maji ya chumvi yameingia shambani. Tulichopanda kimeungua chote."

Nikamwambia umekuwa mvivu, Skola. Bahari tangu lini inapanda shambani?

Mjukuu wangu Neema, huyu wa sekondari, akadakia. "Bibi, ni barafu. Huko mwisho wa dunia kuna milima ya barafu, inayeyuka kwa joto, bahari inajaa."

Barafu ninayoijua mimi ni ya kwenye friji la duka hapa Kasokola. Nikamuuliza nani kaiyeyusha, nikamseme.

"Ni watu wengi, Bibi. Wako mbali."

Wako mbali! Sasa mtu mzima kama mimi nifanye nini na jibu kama hilo?

Nikamwambia Skola arudi nyumbani, ardhi ipo. Akasema, "Nikija, kaburi la mume wangu namwachia nani? Maji yameshalikaribia."

Nikaanza kufoka. Nikamwita mbishi, nikamwita hana akili. Nikasikia analia.

Kosa si lake, najua, ni la hao walio mbali. Lakini katika wote hao, namba niliyonayo ni ya kwake tu.