Mkalimani Mwenye Ulimi wa Asali

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimenunua nyanya bila kunyoosha kidole! Muuza mboga kaniuliza nataka mbivu au za kukaa, nikamjibu, naye akaendelea na shughuli zake kama vile nimezaliwa mtaa huu. Miezi minane ugenini — mwalimu wa Kiingereza darasani, bubu sokoni. Mama mwenye nyumba anadai sifa zote ni zake. Ni kweli. Kila jioni jikoni ananisemesha lugha yao mpaka kichwa kinauma. Nimerudi kifua mbele.

Jumatano, 5 Machi

Mzazi mmoja kaja shuleni mapema, siku ya wazazi Jumamosi hana nafasi. Kama kawaida nikasema kwa Kiingereza, mkalimani wa shule akamfasiria. Nilisema mwanawe hafanyi kazi za nyumbani na anasumbua wenzake. Mkalimani akasema — na nimemwelewa! — kwamba mtoto ni mchangamfu, darasa zima linampenda. Mama wa watu akanishika mikono yote miwili, akashukuru.

Nilikimbilia chooni kucheka. Kisha kicheko kikakatika. Yule binti wa dawati la nyuma! Muhula uliopita nilimwambia baba yake: mtoto haoni ubaoni, apimwe macho. Akaondoka anatabasamu. Nami nikamsema moyoni miezi yote hii, mzazi gani huyu asiyejali! Mtihani ni wiki ijayo. Akifeli anarudia darasa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkabili mkalimani. Hakubisha. Eti wazazi wanatoka kazini hoi, kwa nini awaongezee mzigo? Si mtu mbaya. Ndiye aliyenipokea stendi siku ya kwanza, akanibebea begi. Ila nimemwambia Jumamosi kwa baba wa binti nasema mwenyewe. Akacheka: utaweza wewe? Hapo ndipo aliponiwasha!

Mama mwenye nyumba kanikaririsha sentensi sita huku tunamenya vitunguu. Nimekosea, nimerudia, nimekosea tena. Anasema nina kichwa kigumu lakini mdomo unakubali.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia darasani, haraka. Nimesema! Zote sita! Matamshi Mungu anajua — lakini baba akaacha kumtazama mkalimani, akanitazama mimi. Akauliza tangu lini. Nimeelewa! Nikajibu: tangu muhula uliopita. Kisha akauliza mbona hakuambiwa.

Hilo halikuwa kwenye sentensi sita.

Hakungoja jibu. Katoka kumleta binti kutoka uwanjani, asome ubao mbele yake. Nimeshaandika mstari mmoja, herufi kubwa kubwa. Mkalimani jasho linamtiririka. Kaniinamia, ananong'ona kwa Kiingereza: akirudi akauliza tena, nimwambie nini?

Nimemjibu kwa lugha yao, bila kutafuta neno hata moja: wewe kaa, nitasema mimi.

Nasikia viatu vyao koridoni.