Kidude Kilichonusa Vidole Vyangu

Shoga, niko zahanati na dada, nusura nijizike mwenyewe!

Nesi kanipa kidude cha kupuliza, eti kinanusa kisukari kwenye pumzi. Nimepuliza, taa nyekundu. NYEKUNDU!

Nikaangua kilio. "Dada, mimi ndo basi tena. Hivi viatu vyangu vipya uvae wewe."

Nesi akanishika mkono, akanusa vidole. "Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Napaka watu kucha."

Akacheka mpaka akakaa chini! Kumbe dawa ya kutolea rangi ya kucha ina harufu ileile kinayoitafuta kile kidude, na mimi nimetoka saluni bila kunawa.

Nimenawa, nimepuliza tena, kijani. Mzima kabisa!

Ila dada keshavivaa viatu. Anasema zawadi hairudishwi. Shoga, narudi kazini peku.